Mashua za Lamu, Tukiwa Kiwanjani

Tulipofika Kiwanjani, Isiolo, jirani na kiwanja cha ndege, kiangazi kilikuwa kimeukausha mji. Bibi mwenyeji wetu alitutekea maji ya udhu kwa kata, akiyapima. Bintiye akatuuliza kuhusu mashindano ya mashua na ya kuogelea wakati wa Maulidi ya Lamu: gharama hubebwa na nani?

Tukamhesabia: tanga, kamba, pamba na sifa za kukalafati, petroli ya boti ya kuokoa, chakula cha mabaharia, zawadi. Nahodha hutoa mfukoni, jamaa huchanga. Kazi ya mama zetu jikoni, twakiri, haijaandikwa katika hesabu yoyote tuliyoiona.

"Na maji ya kushindania?" akauliza bibi.

"Hayo ni ya bure, mama."

Akanyamaza, akaufunika mtungi.