Maziwa ya Yaya

Jumanne, 4 Machi 2025
Maziwa yamefika kutoka Nakivale kwa taksi ya asubuhi. Yaya amekamua mbuzi wake huko Base Camp, akachuja kwa kitambaa. Watoto wake hunywa kwanza. Ndivyo tulivyopatana, sabuni ninayotengeneza inapata kinachobaki. Nimeyafunga kwenye kavera ndogondogo, na mwenye duka la soda amenipa kona ya friza yake.

Alhamisi, 6 Machi
Mawese gramu 700, mafuta ya nazi 300, maziwa 300 yaliyoganda, kostiki 146. Kilo ya mawese hula kostiki kama gramu 141, ya nazi kama 183. Nikishajumlisha, napunguza 5 kwa mia ili mafuta kidogo yasigeuke sabuni. Upole wa sabuni hii kwa ngozi naona unatoka hapo zaidi kuliko kwenye maziwa. Bila mizani sigusi kostiki. Wako wanaopima kwa kikombe, na anayeumia ni mfuaji.

Binti wa jirani amekuja kujifunza. Nimempa glovu na miwani, mlango tumeuacha wazi. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maziwa, kamwe usigeuze. Tena ndani ya ndoo ngumu ya plastiki, maana sufuria zetu za alumini huliwa na kostiki na kutoa gesi inayoshika moto. Alinyunyiza kidogo kidogo juu ya mabonge ya barafu. Yakalegea, yakawa manjano kama kiini cha yai, harufu ikapanda puani.

“Mama, yameharibika?”

Hayajaharibika. Sukari ya maziwa ikipata joto la ghafla huungua, yanakuwa kahawia na kunuka. Ndiyo maana tuliyagandisha. Tumeyamimina kwenye mafuta, tukakoroga kwa kupokezana mpaka matone ya mwiko yakaacha michirizi juu ya uji. Sabuni ya maji matupu, isiyo na maziwa, huwa naifunika blanketi. Hii nimeiacha wazi kwenye kisanduku chake. Ina joto lake la kutosha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekata vipande. Wekundu wa mawese umebaki, rangi ya machungwa nzuri sana. Vimepangwa rafuni, kila kimoja na nafasi yake.

Jumapili, 23 Machi
Majirani waliofunga wanataka sabuni ya Idd. Mama mmoja amekuja na pesa mkononi. Nimemwambia, “Dada, bado mbichi.” Inataka wiki nne, sita ni bora zaidi: maji yatoke, kipande kiwe kigumu, kisiyeyuke bafuni kwa siku mbili. Hakufurahi. Kumuuzia sabuni laini kwa sababu ya sikukuu ni kumla pesa yake, na mimi namtaka arudi.

Jumatano, 16 Aprili
Nimeosha nayo mikono. Povu zito, ngozi haikazi. Rafiki wa sokoni ananishauri niandike kwenye karatasi kwamba inatibu ukurutu na kuondoa madoa, ndipo iuzike. Nimekataa. Mtoto mwenye ukurutu apelekwe kwa daktari, mamake asipoteze mwezi mzima akingojea sabuni yangu. Nimeandika: maziwa ya mbuzi, mawese, mafuta ya nazi, kostiki, na tarehe ya kutengenezwa. Yule mama wa Idd amechukua vipande vitatu. Yaya anatumiwa vyake kesho, pamoja na pesa ya maziwa.