Nafasi ya Mtu wa Nne

Benchi za daraja la pili katika treni za mjini Mumbai zimepimwa kwa watu watatu, na saa za kwenda kazini kila benchi hukaliwa na wanne. Huyo wa nne hakai akatulia. Huegemeza nyonga moja ukingoni, mguu mmoja ameukaza njiani, mkoba amepakata. Hapana kanuni iliyobandikwa inayompa haki hiyo. Hupunga kiganja kidogo tu, na watatu waliotangulia hujibana bila hata kuinua macho kwenye simu zao.

Nilipanda behewa la wanawake kutoka Borivali kuelekea Churchgate, asubuhi ambayo hapakuwa na pa kutia mguu. Milango ya treni nyingi hizi haifungwi. Upepo huingia, watu huning'inia. Kilichonishika zaidi ya wingi wa watu ni mpango wao. Anayeshukia Dadar, ambako reli ya Magharibi hukutana na ile ya Kati, huanza kujiweka sawa vituo kadhaa kabla. Humgusa bega aliye mbele na kuuliza, "Dadar?" Akijibiwa ndiyo, husimama nyuma yake, akijibiwa siyo, wawili hao hupishana ubavu kwa ubavu. Foleni nzima hujipanga hivyo ndani ya msongamano, na treni ikisimama kwa muda mfupi mno, wote humwagika nje. Waliobaki wamekwisha kuulizana nani anashuka wapi, na kila kiti kina mrithi wake kabla hakijaachwa.

Kabla ya korona treni hizi zilikuwa zikibeba zaidi ya watu milioni 7 kwa siku, zaidi ya mara tatu ya watu wote wa Unguja na Pemba. Wageni hupenda kuusifu uvumilivu wa watu wa Mumbai. Mimi siwezi kuusifu bila kutaja gharama yake. Kwa miaka mingi watu zaidi ya 2,000 wamekuwa wakifa kila mwaka kwenye reli hizi, wengi wakikatiza njia kwa miguu au wakianguka kutoka mlangoni. Watu wanaojua kupeana nafasi namna ile walistahili kuongezewa mabehewa zamani sana.

Kuna watu wengine wanaoishi kwa treni hizo, nao ni wabeba chakula, dabbawala, wenye kofia nyeupe za kitambaa. Kazi yao ina historia ya tangu mwaka 1890 hivi, na wengi wao hutoka vijiji vya upande wa Pune. Mfanyakazi wa ofisini huondoka nyumbani alfajiri, kabla chungu hakijaiva, na ndani ya treni hana pa kushika mkebe. Kula mkahawani si rahisi kama mgeni anavyodhani. Huyu ni Mjaini, na kwa dini yake hali kitunguu wala thomu wala kitu chochote kilichochimbwa ardhini. Yule yuko kwenye mfungo. Mwingine ni Muislamu anayetaka kujua nyama imechinjwa na nani. Kila mmoja anakitaka chakula cha jiko lake.

Basi baiskeli hupita majumbani asubuhi kukusanya mikebe, ambayo hupelekwa stesheni na kupangwa kwa mwelekeo wa safari. Hupakiwa kwenye behewa la mizigo, ikifika mjini hupangwa upya njiani, nje ya stesheni, kisha hugawanywa kwa baiskeli, mikokoteni na vichwa vya watu. Mchana hurudi mitupu kwa njia ileile. Juu ya kifuniko pana rangi, herufi na tarakimu chache: imetoka wapi, inashuka stesheni gani, jengo lipi, ghorofa ya ngapi. Anwani hakuna, jina la mwenyewe hakuna. Nje ya Churchgate nilisimama nikawatazama wakigawana mamia ya mikebe, mmoja akisoma alama huku mkono wake wa pili umeshaukamata mkebe unaofuata. Hakuna aliyepiga kelele. Nilimwuliza mmoja, mtu mzima mwenye mvi, kama huwa wanakosea. Akasema mtu akiletewa chakula cha mwingine akakila, mwili wake unaweza kukubali lakini dini yake isikubali, kwa hiyo wao hawajipi ruhusa ya kukosea.

Kabla ya janga walikuwa kiasi cha 5,000 na mikebe ilifika laki mbili kwa siku. Mwezi Machi 2020 treni zikafungiwa abiria, ofisi zikahamia vyumbani, na wengi wao wakarudi vijijini kulima. Waliorudi mjini hawajawa wengi kama zamani. Vijana wa ofisini huagiza kwa simu, na mpanda pikipiki huleta biriani naye hajui imepikwa na nani. Yule mzee alilisema hilo bila hasira. Mimi nilikuwa nayo kidogo.

Vitafunio vya mjini havina mambo hayo ya kuuliza nani kapika. Nje ya stesheni nilikula vada pav, boflo lililotiwa donge la mbatata lililokaangwa ndani ya unga wa dengu, pamoja na chatne kali. Mtu aliyezoea urojo wa Forodhani hahitaji kuelezwa zaidi. Chai huuzwa nusu glasi, kwa kuwa anayekunywa hana muda wa glasi nzima. Hulipwa kwa simu, na kisanduku kidogo mezani hutangaza kwa sauti kiasi kilichoingia, ili muuzaji asiondoe macho kwenye birika.

Lakini sisi watu wa pwani India tumeijua kwanza kwa senema. Zanzibar picha za Kihindi zilijaza majumba, yakawekwa hata maonesho ya wanawake peke yao, na waimbaji wa taarab wakachukua tuni zake wakazitia maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo siku moja nilikwenda Maratha Mandir, karibu na stesheni ya Mumbai Central. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1958, na tangu Oktoba 1995 linaonesha picha ile ile, Dilwale Dulhania Le Jayenge, kila siku kabla ya adhuhuri. Korona iliikatiza kwa muda.

Tiketi ni nafuu sana. Waliokaa nami walikuwa madereva wa teksi, wasafiri wenye mabegi wanaongoja treni za mbali, vijana wawili wawili wasio na mahali pengine pa kukaa pamoja. Mmoja alilala tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyemwamsha. Wengine walitamka maneno sekunde moja kabla ya mwigizaji mkuu, Shah Rukh Khan.

Kisa cha picha yenyewe hatuhitaji kufasiriwa. Binti aliyelelewa London ameahidiwa mume Punjab, anampenda mwingine, mama mtu anawaletea vito vyake na kuwasihi wakimbie. Kijana anakataa. Hatamchukua binti pasipo radhi ya baba yake. Nadhani ndicho kilichoiweka picha hii miaka yote hiyo: mtu aliyeacha wazazi kijijini akaja kutafuta riziki Mumbai anaona pale kwamba inawezekana kupata unachokitaka na radhi usiikose. Ukumbi ulipiga makofi baba alipouachia mkono wa binti yake. Mimi, tangu nilipoiona mara ya kwanza nikiwa msichana, niko upande wa mama. Yeye ndiye aliyetaka binti apate anachokitaka, na yeye ndiye asiyesikilizwa.

Jioni nilirudi kwa treni ya kuelekea Virar, behewa la wanawake tena. Wachuuzi walipita na vibanio vya nywele na hereni. Akina mama wawili walikuwa wakikatakata maharage mabichi kwenye mfuko wa plastiki, ili wakifika nyumbani wawe wanawasha jiko tu. Aliyebanana nami alikuwa karani wa ofisi, anashukia Vasai. Aliniita dada, akanisimulia kwamba huamka saa kumi na nusu alfajiri kupika.

Nikamwuliza kama chakula chake hupelekwa na dabbawala.

"Cha mume wangu ndiyo," akasema. "Changu nabeba mwenyewe." Akaufungua mkoba uliokuwa magotini akanionesha mkebe. "Kulipia miwili kwa mwezi ni ghali, dada. Na mimi natoka alfajiri sana, baiskeli inapofika mimi nimeshapita Andheri."

"Na yeye hutoka saa ngapi?"

"Saa tatu," akasema, akaanza kumwuliza wa mbele yake kama naye anashuka Vasai.