Laeken, Ilikotoka VIWAWA Yetu

Kama una mtoto katika VIWAWA, bila shaka umemsikia akisema: kuona, kuamua, kutenda. Maneno hayo yametoka mbali. Mwaka juzi nilijaliwa kufika huko, na leo nataka twende pamoja.

Ukiwa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, unapanda tramu kuelekea kaskazini mpaka Laeken. Kanisa la Bikira Maria utaliona kabla hujashuka, kwani mnara wake ni mrefu ajabu. Hapo wamezikwa wafalme wa Ubelgiji, na mmoja wao ni Leopold II, yule aliyewatesa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira. Nakiri nilisimama pale na moyo mzito. Lakini mimi sikumfuata mfalme. Katika kanisa hilohilo amezikwa Joseph Cardijn, mtoto wa mwuza makaa.

Cardijn alizaliwa mwaka 1882. Alipokuwa seminarini, alirudi nyumbani likizo akawakuta wenzake wa shule wamekwisha kuwa watu wa viwandani. Walimkwepa, wakimwona si mwenzao tena. Jambo hilo lilimchoma, wala hakulisahau. Basi mwaka 1912 alipotumwa Laeken kuwa paroko msaidizi, hakuanza na hotuba. Aliwauliza wasichana washonaji habari za kazi yao: saa zao, mshahara wao, na jinsi wakubwa walivyowatendea. Kisha waliyapima hayo kwa Injili, wakatafuta la kufanya. Mwaka 1925 Baba Mtakatifu Pio XI alikikubali chama chao.

Tena angalia, hata huko Ulaya vazi halikuwa moja. Waflandria walikuwa na chama chao kwa lugha yao. Ufaransa, mwaka 1929, vijana wa mashambani walipata chao, kwani mambo ya ng'ombe na mavuno si mambo ya kiwanda. Na mwaka 1957 walipokutana Roma, vijana wapata 30,000 kutoka nchi nyingi, kila mmoja alikuja na shida ya kwao.

Nikiwa mbele ya kaburi lile niliona haya. Kwa nini? Kwa sababu mimi karani ndiye niliyekuwa nikiwasomea vijana wa parokia yetu maswali ya kijitabu cha zamani kilichotafsiriwa: habari za mashine, zamu ya usiku na msimamizi wa kiwanda. Vijana wetu wanalima kahawa na kuendesha bodaboda! Walinisikiliza kwa adabu, na Jumapili iliyofuata hawakuja. Daftari langu lilikuwa na majina 41, wakabaki 9. Nami nikalaumu simu, na ninyi wazazi mkalaumu simu pamoja nami.

Niliporudi nilikifungia kijitabu kabatini. Nikawauliza wale 9 jambo moja tu: wiki hii umefanya kazi gani, na umepata nini? Kwanza walitazama chini. Halafu kijana mmoja akasema kwamba kila jioni akishampa mwenye pikipiki hesabu yake, anabaki na fedha ya chakula tu. Msichana mmoja akasema huchuma kahawa na baba yake tangu alfajiri, lakini siku ya malipo haambiwi hata bei. Hapo maneno yakaanza. Giza lilitukuta tungali tunabishana juu ya wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu na dinari yao.

Sasa wenye bodaboda wanaweka akiba kila Jumamosi wanunue pikipiki yao wenyewe. Msichana yule alimwomba baba yake wahesabu mapato pamoja. Alipokwenda kumwomba, nami nilingoja kwa hofu.

Wiki iliyopita baba huyo alikuja ofisini kwangu, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kugomba. Akaniuliza, "Karani, je, sisi wazee twaweza kukaa nyuma tukawasikiliza?"