Wifi moja, watu wengi, barua moja

 Tuliahidi kuandika juu ya mashindano ya mpira lakini hayo yangoje kidogo. Wiki hii tunataka kusema juu ya intaneti, na juu ya kampuni za intaneti zinazoanza kufanya kazi ya polisi.

Wacha tuanze na filamu, ju huko njo shida inakotoka. Hapa Rwanda hakuna asiyejua agasobanuye. Unachukua filamu ya Marekani, ya China au ya India, mtu anakaa mbele ya maikrofoni na kuisimulia kwa Kinyarwanda, anaongeza utani wake, anawapa waigizaji majina ya hapa kwetu. Yanga, aliyefariki mwaka 2022, aliwafanya watu wengi wapende sinema ambao Kiingereza hawakusoma. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao. Sisi tuliokuja toka Kongo bila Kinyarwanda, wengi tulijifunza lugha hii kupitia filamu hizo kabla ya kujifunza darasani. Unaenda dukani na flashi yako, unalipa pesa kidogo, wanakujazia filamu za wiki nzima. Nani alimuuliza mwenye filamu? Hakuna. Haki za wenye kazi ziko kwenye sheria, Rwanda ilitoa hata sheria mpya ya mali ya ubunifu mwaka 2024, namba 055/2024. Lakini duka la flashi liko pale pale, na mwenye filamu yuko mbali sana.

Kwenye intaneti ni tofauti. Huko mwenye filamu anakuona.

Mwezi uliopita barua pepe iliingia kwa mkubwa mmoja ambaye mkataba wa wifi ya ukumbi wa vijana uko kwa jina lake. Ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema kwamba tarehe fulani, saa nne na kitu usiku, laini yetu ilionekana ikigawa filamu bila ruhusa, na kwamba ikirudia, kampuni inaweza kuikata. Tulicheka kwanza. Saa nne usiku ukumbi umefungwa! Halafu tukakumbuka kwamba ukumbi unafungwa lakini wifi haifungwi. Kila usiku kuna watu wamekaa nje kando ya ukuta, simu zinawaka usoni, wengine hata hatuwajui majina.

Mmoja wetu anayejua kompyuta akatueleza namna wanavyokamata, na tunaona ni vizuri kila mtu aelewe. Kuna namna ya kushusha filamu inaitwa torenti. Filamu haitoki mahali pamoja, inakatwa vipande vidogo, unachukua kipande kwa mtu wa Brazili, kingine kwa mtu wa Poland. Na wewe, wakati unachukua, simu yako inawapa wengine vipande ulivyokwisha kupata. Njo hapo mtego ulipo. Wengi wanafikiri wanapokea tu, kumbe wanagawa pia, na programu inaweza kuendelea kugawa hata kama umeweka simu mfukoni. Ili vipande vifike, kila mmoja lazima aonyeshe anwani yake ya IP. Wenye filamu wanalipa makampuni yanayoingia kwenye kundi hilo kama washushaji wengine, yanaandika anwani zote na saa. Kisha yanatuma orodha kwa kampuni ya intaneti, kampuni inaangalia kwenye daftari lake saa ile anwani ile ilikuwa ya mteja gani, halafu inamtumia mteja onyo.

Sasa angalieni vizuri neno hilo, mteja. Anwani inaonyesha laini, haionyeshi mtu. Nyumbani kwa tajiri mwenye laini yake na watoto wawili, labda unaweza kubahatisha. Kwenye ukumbi wetu laini ni moja, na kwa siku nzuri tunahesabu watu zaidi ya sitini. Hata mitandao ya simu iko hivyo: kampuni nyingi za simu zinaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja kwa sababu anwani za zamani zilikwisha zamani. Basi barua ilikuja kwa mtu ambaye siku ile alikuwa Kigali kwenye mkutano, na hata filamu yenyewe hajawahi kuisikia.

Mambo haya si mageni, wenzetu wa nchi nyingine wamepita humo. Ufaransa walitunga sheria mwaka 2009 na kuunda ofisi iliyoitwa Hadopi. Barua pepe ya kwanza, barua ya pili ya kusaini, mara ya tatu wanakukatia intaneti. Sheria ilipotaka ofisi hiyo yenyewe ikate, Baraza la Katiba lilikataa mwezi wa sita mwaka huo huo, likasema kukata ni kazi ya jaji, kwa sababu siku hizi kusema na kusikia kunapita kwenye intaneti. Wakarekebisha. Mwaka 2012 mtu wa kwanza akahukumiwa. Mahakamani mke wake alikuja akasema wazi, ni mimi niliyeshusha zile nyimbo. Bado faini ilimpata mume, euro 150, ju laini ilikuwa ya kwake na hakuilinda. Mwaka 2013 mwingine akahukumiwa kukatiwa intaneti siku 15, na wiki chache baadaye serikali ikafuta adhabu hiyo ya kukata. Kazi yote ile, miaka yote ile.

Marekani wamechukua njia ya pesa. Kampuni za muziki zilishtaki kampuni ya intaneti inaitwa Cox, wakisema iliwajua wateja wanaoiba na haikuwakata. Mwaka 2019 baraza la mahakama likasema Cox ilipe dola bilioni moja. Bilioni! Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilifuta kiasi hicho na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama Kuu ya nchi. Lakini mtu wa biashara akisikia bilioni anaogopa, na akiogopa ni rahisi zaidi kumkata mteja kuliko kumuuliza.

Karibu na kwetu ni Kenya. Waliongeza vifungu kwenye sheria yao ya hakimiliki mwaka 2019: mwenye kazi anapeleka taarifa, kampuni ya intaneti inapewa saa 48 za kazi kufunga kitu kinacholalamikiwa, isipokuwa mtu mwingine alete pingamizi. MultiChoice, wale wenye DStv, walipeleka taarifa kwa Safaricom na Jamii Telecommunications juu ya tovuti zinazoonyesha mpira bila kulipa. Hazikufungwa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamuru zifungwe. Sisi tunaona namna hiyo ina nafuu kidogo. Kwanza jaji alisikiliza pande zote. Pili kinachofungwa ni tovuti, haukatiwi wewe, mama yako na jirani yako. Na sheria ile ile inasema kampuni haina wajibu wa kuchungulia kila kitu wateja wanachopitisha.

Kwa nini jambo dogo kama hili linatuumiza hivi? Kwa sababu sisi tunajua kukatiwa. Waliokuwa Kongo wanakumbuka mwezi wa kwanza 2015 na tena tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, baada ya uchaguzi, serikali iliagiza na kampuni zikazima intaneti karibu wiki tatu. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipoingia Goma, intaneti na umeme vilipotea, na sisi tulikuwa huku ng'ambo ya mpaka tunapiga namba za watu wetu, moja moja, zote kimya. Mtu aliyepita humo hawezi kusikia neno "tunaweza kukukatia" kama mtu mwingine anavyolisikia.

Na ile laini ya ukumbi inafanya nini? Wiki ile ile ya barua, dada mmoja wa kikundi alikuwa anajaza fomu ya DAFI, ule msaada wa masomo ya chuo kikuu kwa wakimbizi, na siku ya mwisho ilikuwa ijumaa. Kuna mama anayezungumza na mume wake aliyeko Nakivale, Uganda, wanaangaliana kwa video ju mtoto wao mdogo hajawahi kumuona baba. Kuna wanaofuata masomo ya Kiingereza kwa WhatsApp. Laini ikikatwa, aliyeshusha filamu atanunua mega zake na maisha yanaendelea. Hao wengine njo wataadhibiwa.

Tulikaa kikao. Kilikuwa kirefu na kwa kweli kilikuwa na kelele. Wazo la kwanza lilitoka kwa wale wanaopenda utaratibu: tuweke daftari mlangoni, kila anayetumia wifi aandike jina, namba ya simu, na saa aliyoingia na kutoka. Barua ikija tena tunajua wa kuuliza. Wazo lilionekana zuri kwa dakika tano. Halafu muzee mmoja, ambaye huja kusoma habari za Kongo, akainuka. Akasema, "Watoto wangu, mimi nimeandikwa kwenye liste nyingi. Nyingine ilikuwa ya chakula. Nyingine niliikimbia usiku. Mkiweka daftari, mimi sitakuja tena." Hakuna aliyemjibu. Wafanyakazi wa misaada mnaosoma hapa, mnapenda sana orodha, tunajua zinawasaidia katika kazi. Lakini daftari la nani alikuwa kwenye intaneti saa ngapi si sawa na daftari la sabuni.

Yuko pia ndugu yetu anayeimba, na ni haki tuseme maneno yake, ju hakukubaliana na sisi wengi. Alirekodi wimbo wake Goma kabla ya kukimbia, alilipa studio kwa pesa ya kubeba mizigo miezi minne. Leo wimbo huo uko kwenye flashi za watu, ameusikia sokoni, hajapata hata faranga moja. Alituambia, "Nyinyi mnawaonea huruma wanaoshusha. Mimi ningefurahi mtu mmoja tu atume barua kwa ajili yangu." Tukanyamaza kwanza. Ana haki. Lakini ukifikiri vizuri, barua hizi haziji kwa ajili ya watu kama yeye. Kulipa makampuni ya kufuatilia anwani dunia nzima ni pesa nyingi. Studio kubwa ya Marekani inaweza, mwimbaji wa Goma aliye Rugerero hawezi. Tena wimbo wake haukuibwa kwenye torenti, uliibwa kwa flashi, mkono kwa mkono, na huko hakuna anwani ya kuandika.

Basi hatukuweka daftari. Tulichofanya ni hivi: yule wa kompyuta aliingia kwenye ruta akafunga njia zinazotumiwa na torenti, ingawa mwenyewe anasema mtu mjanja atapita. Tumebandika karatasi ukutani, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, inayoeleza kwamba torenti inagawa hata kama wewe hutaki kugawa. Na wifi sasa inazimwa saa tatu usiku.

Hilo la mwisho lina bei yake. Mume wa yule mama wa Nakivale anatoka kazini usiku, walikuwa wanazungumza saa tatu na nusu. Sasa anatembea hadi barabarani kununua mega, na siku ambazo hana pesa hawazungumzi. Amekuja kutuuliza, "Sasa mimi nilishusha nini?" Tunatafuta namna ya kumfungulia yeye peke yake, simu yake moja tu, baada ya saa tatu. Ruta inaweza kufanya hivyo. Wengine kwenye kikundi wanasema tukimfungulia yeye kesho watakuja ishirini. Waje tu, wenye simu ishirini za kujulikana ni afadhali kuliko ukuta mzima wa giza, lakini hilo bado tunabishana.

Kampuni tumeiandikia. Tumeuliza mambo matatu: je, ina njia ya mteja kupinga onyo kabla ya kukatwa, je, inaweza kuiandika laini yetu kama laini ya watu wengi, si ya nyumba moja, na je, nani anaamua kukata, mtu au mashine. Jibu halijafika. Tumetaja pia ripoti ya mwaka 2011 ya Frank La Rue, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya uhuru wa kujieleza, aliyesema kumkatia mtu intaneti kwa sababu ya hakimiliki ni adhabu kubwa kupita kosa. Labda hawataisoma.

Na ninyi mnaosaini mikataba ya wifi kwa ajili ya kambi na vituo vya vijana, tunawaomba kitu kimoja. Kabla ya kusaini, tafuteni ile aya inayosema kampuni inaweza kukata huduma, kwa kawaida iko mbali chini, herufi ndogo. Muulize pale pale nini kitatokea kwa watu wengine wote barua ikija. Sisi mkataba wetu unaisha mwezi wa kumi na mbili, na mara hii tumeomba tuusome wote pamoja, kwa sauti, na mtu wa kutafsiri.