Kutoka Satellite Hadi Kikuyu: Walimu Wakuu Wajifunzapo Kazi Yao

Mtu aondokapo katikati ya mji wa Nairobi na kushika Barabara ya Ngong kuelekea magharibi, hufika Dagoretti Corner. Hapo Barabara ya Naivasha huchepuka kuume na kuingia Satellite, upande wa Riruta. Ni mahali penye watu wengi: maduka, mafundi seremala, wauza mboga, na kila asubuhi makundi ya watoto waliovaa sare za shule.

Watoto kama hao ndio waliozidisha kazi ya walimu wakuu. Mwezi wa Januari 2003, Serikali ya Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi, watoto zaidi ya milioni 1 waliongezeka katika madarasa ya nchi nzima. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na fedha hizo zikapelekwa benki kwa jina la shule. Mwalimu mkuu pamoja na kamati yake walipaswa kuzitumia vema na kuonyesha hesabu yake. Lakini wengi walikuwa wamepewa cheo kwa kuwa walikuwa hodari wa kufundisha. Kufundisha hesabu darasani ni kazi moja. Kutunza hesabu ya fedha za watu ni kazi nyingine.

Haja hiyo ya kuwafundisha viongozi wa shule si ngeni katika sehemu hizi. Huko Kabete, kaskazini ya Satellite, Jeanes School ilifunguliwa mwaka 1925. Walimu walikaa pale pamoja na wake zao, kisha wakarudi makwao kuzizungukia shule ndogo za vijijini, wakiwasaidia walimu wenzao na kuitazama kazi yao. Mwaka 1961 mahali pale pakageuzwa kuwa chuo cha watumishi wa Serikali.

Msafiri akitoka Satellite akapita Dagoretti na Thogoto, hufika Kikuyu, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kina majengo yake ya elimu. Miongoni mwa wanaosoma uongozi wa elimu katika vyuo vikuu mna walimu watu wazima, wenye jamaa za kulisha, wanaojilipia karo kwa mishahara yao. Hujifunza kukadiria mapato na matumizi, sheria za elimu, kugawa kazi kwa walimu, na kupatana na wazazi. Mwishowe huenda mashuleni kuuliza na kupima, wakaandika waliyoyaona.

Hasara ya shule isiyoongozwa vema haimpati mwalimu mkuu kwanza. Humpata mtoto asiye na kitabu wala dawati, ingawa fedha zilikwisha fika. Kwa hiyo mwalimu arudiye kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi asidhaniwe kuwa atafuta cheo tu. Wazazi wampe moyo, kwani faida ya masomo yake itaonekana kwa watoto wao.