Kilwa: dhahabu ilikuwepo, farasi je?

Kama wewe ni mpenzi wa farasi, wale wa kwenye sinema na video, nakupa ushauri wa bure: Kilwa usiende kuwatafuta. Utapata pweza, utapata madafu, utapata bodaboda wa kukuzungusha Masoko nzima. Farasi hupati ng'o. Na hapo ndipo penye kisa.

Maana huu si mji wa hivi hivi, jamani. Panda basi Dar, vuka daraja la Mkapa pale Rufiji (kabla ya 2003 watu walikuwa wanasota kwenye pantoni), shuka Nangurukuru, shika njia ya Masoko. Ukishalipia kibali unaingia kwenye mashua, na muda si mrefu uko Kisiwani. Huko ndiko liliko Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane, bahari iko chini yako. Mwaka 1331 alifika hapa msafiri Ibn Battuta, akamkuta Sultani Hassan, mtu karimu aliyempa fakiri hata nguo alizovaa mwilini. Ibn Battuta alitaja pembe za ndovu. Farasi hakutaja.

Sasa jiulize. Majahazi ya Uarabuni yalikuwa yanakuja na kaskazi kila mwaka. Zama zile zile Waarabu walikuwa wanapakia farasi kwa wingi kwenda kuwauza India. Sultani wa Kilwa, mwenye dhahabu ya Sofala mkononi, alishindwa nini? Nilimuuliza mzee wa mashua, akacheka.

"Mwanangu, ungempanda uende wapi? Huko bara kuna mbung'o."

Jibu ndilo hilo. Mbung'o akimuuma farasi humwachia vijidudu vya nagana. Mnyama anapata homa, damu inapungua, anakonda mbavu nje, mwisho anaanguka. Akinusurika hapo, kuna ugonjwa mwingine unaoletwa na usubi wa usiku, nao hauna mchezo.

Wenzetu wa Nairobi wako juu kwenye baridi, ndiyo maana uwanja wa Ngong bado una mbio za farasi. Farasi wa mbio wa kizazi cha Kiingereza (wote hao wana damu ya madume matatu yaliyotoka nchi za Mashariki yapata miaka 300 iliyopita) akiwa kijana, hata kama hajawahi kushindana mara moja, si lazima aingizwe mbioni. Anaweza kufundishwa kazi nyingine: atulie akipandwa, aende mwendo ule ule kama saa, aruke kiunzi bila papara. Kwenye maonyesho waamuzi hawajali nani kafika wa kwanza. Wanatazama adabu, umbo na hatua. Ni kazi ya miezi na miezi, na mwalimu awe na subira. Mimi naipenda hiyo kuliko mbio zenyewe, mbio ni kelele tu.

Farasi kijana wa namna hiyo ukimshusha Kilwa na kumwingiza porini, mafunzo yote yanaweza kuishia kwa nzi mmoja. Na limeshajaribiwa. Septemba 1916 Waingereza waliziteka Kilwa na Lindi, wakaleta na wapanda farasi ili kumfukuza Mjerumani von Lettow-Vorbeck. Katika vita ile farasi, nyumbu na punda walikufa kwa maelfu.

Sasa mzigo abebe nani? Mtu. Vijana walikamatwa vijijini wakatwishwa unga na risasi, kutoka Kilwa kuelekea Liwale, na kutoka Lindi hadi Mahiwa, palipopiganwa vita kali Oktoba 1917. (Mahiwa ukitaka kuiona, panda gari la Masasi pale Lindi, iko njiani baada ya Nyangao.) Wengi hawakuuawa na risasi, bali kuhara, homa na njaa. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita hiyo ya Afrika Mashariki walikaribia laki moja.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina Kariakoo, hapo hapo unaposhuka daladala kwenda kununua viatu.