Tulipowapeleka Watoto Kuvua Samaki Bugala

Mume wangu alirejea kutoka Somalia mwezi wa Julai, 2023, baada ya kukaa huko mwaka mzima na ushei. Kitinda mimba wetu, mtoto wa kiume aliyekuwa na miaka 4, alimwamkia kwa heshima zote na kumwita "Afande". Hakufanya utani. Ndilo neno alilozoea kulisikia kwa majirani wetu wa kambini kila walipoulizia habari za baba yake, naye akaamini kuwa ndilo jina lake. Baba mtu alicheka, akampapasa kichwani. Lakini usiku ule hakupata usingizi, wala mimi sikupata.

Mwezi wa Mei mwaka ule ule, tarehe 26, kambi ya askari wetu huko Buulo Mareer ilishambuliwa, na 54 kati yao wakauawa. Mke wa askari asomaye ukurasa huu hana haja ya kuelezwa jinsi siku zile zilivyopita katika nyumba zetu. Nasema tu kwamba mume wangu aliporudi akiwa mzima, sikutaka likizo yake yote iishie katika kupokea wageni na kutengeneza paa la nyumba ya kijijini. Nilitaka watoto nao wapate sehemu yao. Yeye alizaliwa kando ya ziwa, na kazi ya kwanza aliyofundishwa na marehemu baba yake ni kuvua kwa mshipi. Basi tukakata shauri: shule zikifungwa mwezi wa Agosti, tutakwenda kuvua.

Kukata shauri hakukutuchukua hata robo saa. Kupanga kulituchukua wiki tatu.

Mume alitaka twende Murchison, chini ya maporomoko ya mto Nile, ambako wavuvi wa starehe huwatafuta sangara wanaoweza kumshinda mtu mzima kwa uzito. Nikamkumbusha kwamba mto ule una mamba na viboko, kwamba ni ndani ya hifadhi ya wanyama ambamo watu hulipa kiingilio, na kwamba mtoto wa miaka 4 hawezi kukaa kimya asubuhi nzima akingojea samaki mmoja. Mtu mzima hutaka samaki mkubwa, bali mtoto hutaka samaki upesi. Alinung'unika kidogo, kisha akakubali. Tukachagua Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese, ambako ngege hupatikana karibu na ufuko na mtoto aweza kuwavua kwa ufito.

Fedha tulikuwa nazo za siku tatu tu, kwa hiyo nilizitumia kwanza kwa simu. Nilipiga loji nne. Nawashauri akina mama wenzangu wasione haya kuuliza maswali mengi: bei ni ya chumba au ya kichwa? Mtoto hulipa nusu? Jikoni watakubali kutupikia samaki tuliowavua wenyewe? Ipo ruhusa ya kuvua gatini, na karatasi zake anashughulikia nani? Swali la mwisho lilikuwa la jaketi za kuelea za ukubwa wa watoto. Loji mbili zilinijibu kuwa zinazo za watu wazima, "lakini mtoto atafungwa vizuri". Nikazifuta. Mtoto ndani ya jaketi la mtu mzima huchomoka kama ndizi katika ganda lake. Novemba, 2018, mashua ya starehe ilizama katika ziwa hili upande wa Mukono wakafa watu zaidi ya 30, na wengi waliokuwamo hawakuwa wamevaa kitu. Kila nilipoambiwa kwamba nina wasiwasi mwingi, nilikumbuka jambo hilo.

Jambo la pili lililonishughulisha ni kichocho. Ziwa Victoria linacho, tena kwa wingi. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wakaao majini penye majani na matete, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na hutoka kwa wingi mchana jua linapowaka. Kwa hiyo sheria yangu ilikuwa moja: watoto watavua wakiwa juu ya gati, miguu mikavu, na hakuna kuingia katika matete kumfuata samaki wala ndoana iliyonasa. Ndoana ni ya shilingi chache. Hata hivyo kijana wetu wa pili, mwenye miaka 9, aliingia mpaka magotini siku ya kwanza kabla sijafungua masanduku. Tuliporudi nyumbani nilingoja wiki zitakiwazo, nikampeleka zahanati akapimwa.

Safari yenyewe haikuwa na taabu. Tulipita Kayabwe, mahali mstari wa Ikweta unapoikata barabara, watoto wakaruka kutoka kaskazini kwenda kusini hadi dereva akachoka kutungoja. Kutoka Masaka tuliteremka Bukakata, tukapanda kivuko ambacho abiria hawalipi nauli, tukashukia Luku. Kutoka hapo barabara hupita katika mashamba ya michikichi, maili baada ya maili, na ghafla ziwa huonekana tena upande wa pili.

Asubuhi ya pili baba aliwaketisha watatu gatini. Aliwafungia kila mmoja mshipi mwembamba kwenye ufito wa mwanzi, ndoana ndogo, chubwi lisilozidi punje ya maharage, na boya la kizibo cha chupa. Binti yetu mkubwa alikataa kushika nyungunyungu, akaomba donge la ugali. Naye ndiye aliyepata ngege wa kwanza. Baba hakuwa na maneno mengi. Nilivyomwona, mkono wake ulikuwa umeanza kurudi katika kazi aliyoijua kabla ya bunduki.

Saa nne hivi, ufito wa kitinda mimba ulipinda. Kaka yake alikuwa amemtilia chambo cha dagaa, na aliyepanda nacho hakuwa ngege bali sangara, mwenye kung'aa kama kijiko kipya. Mtoto alipiga kelele ambazo sijapata kuzisikia kwake tangu azaliwe. Baba akaomba rula ya shule katika mkoba wa kijana wetu, akampima: rula nzima na vidole vitatu. Hazikufika inchi 15. Sheria ya Uganda husema sangara asipungue inchi 20, na ngege inchi 11, na tangu 2017 walioisimamia ziwani ni askari wenzake.

Pale gatini hapakuwa na mtu. Nakiri kwamba mimi nilisema, "Baba watoto, ni mmoja tu." Aliniangalia, hakunijibu. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akamwonyesha rula, akamwambia samaki huyu bado ni mtoto, hajazaa hata mara moja, na akichukuliwa leo hakuna wa kesho. Kisha akalowesha mikono, akamrudisha majini polepole. Mtoto alilia mpaka akatapika. Siku ile hakula, wala hakumruhusu baba yake amfunge jaketi jioni tulipozungushwa kwa mashua. Nililala nikiwa na hakika kwamba fedha zetu zote zimekwenda bure.

Alfajiri niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nilitoka mbio bila viatu. Walikuwa gatini wote wawili, jaketi limefungwa barabara, na mtoto alikuwa akiuliza: "Afande, yule samaki alifika kwa mama yake?" Akajibiwa kwamba huenda amefika, kwa kuwa kwao si mbali. Nilirudi ndani nikaendelea kulala.

Siku ya kuondoka, honi ya kivuko ilimshtua pale Luku, akamkimbilia. Binti yangu husema kwamba alimwita "Baba". Mimi nilikuwa nikihesabu mizigo, sikusikia. Lakini rula ya kaka yake haijarudi katika mkoba wa shule tangu siku hizo; hupimia kila kitu, mihogo, viatu, paka wa jirani, na ikikosekana hulazimika kununuliwa nyingine.